Mchanga wa Kanisa

Harufu ya mchanga mbichi uliotoka tu kuchimbwa, yenye ubaridi na mizizi ndani yake, ndiyo harufu ya kiangazi cha utoto wangu. Mto wetu, kusini mwa Mutomo, ulionyesha maji siku chache tu za mwaka, mvua ilipokuwa kubwa. Baada ya hapo ulibaki njia pana ya mchanga, na mgeni angeapa kuwa umekufa. Sisi tulijua maji yako chini. Mama alikuwa na kisima chake pale, shimo alilolichimba kila mwaka na kulizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie. Kiangazi kilivyokaza ndivyo shimo lilivyozidi kina, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba, mimi ndiye niliyeteremka na kata ya kibuyu. Maji yalichuruzika polepole kutoka ukutani. Ya kwanza tuliyamwaga kwa sababu ya uchafu wa miguu yangu, yaliyofuata nikampandishia mama. Kunawa uso kule chini kulikatazwa kabisa, nami nilinawa kila siku.

Mama yangu alikuwa mtu wa vicheko na sauti kubwa, kiongozi wa akina mama kanisani. Alipoanzisha wimbo hakuna aliyebaki ameketi. Kanisa letu la udongo lilikuwa limeliwa na mchwa hadi ukuta mmoja ukashikiliwa kwa nguzo, na mwaka huo, miaka ya themanini ikianza, waumini walikata shauri kujenga la matofali. Simiti ilipatikana kwa michango. Ukabaki mchanga, na mchanga safi uliokuwa karibu ni ule wa visima vyetu. Jumapili moja baada ya ibada mama alisimama kuutetea.

"Kila mwaka tunachimba mpaka mgongo unakatika," alisema. "Tukitoa huu mchanga wa juu, si maji yatakuwa karibu? Tutapata kanisa na migongo ipumzike."

Akina mama walipiga makofi. Ukiwa umewahi kuchimba shimo linalokuzidi kimo, maneno hayo ni matamu kweli. Aliyepinga ni mmoja tu, jirani yetu Susu Kalunde, yaani Nyanya Kalunde, mwanamke mchoyo wa kisima chake hadi tulimwogopa.

"Na maji yatalala wapi, Mama Mwende? Juu ya mawe?"

"Susu, wewe unaogopa tu tutaona kisima chako hakina kitu!"

Watu walicheka hadi mchungaji akafunika mdomo kwa Biblia. Mimi, Mwende mwenyewe, nilicheka kuliko wote, kwa fahari ya kuwa na mama kama huyo.

Lori la kukodi lilikuja mvua zilipokwisha. Wanaume walipakia kwa majembe, sisi watoto tukicheza nyuma yao, na siku baada ya siku mto ukashuka mbele ya macho yetu. Kweli, maji yakawa karibu! Yalijitokeza yenyewe, dimbwi pana na safi, tukachota kwa kuinama tu. Mama aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini jua nalo liliyaona. Ng'ombe waliyaona pia, na hakuna miiba ya kutosha kuzungushia dimbwi zima. Maji yakawa ya kijani, kisha tope, na kabla kiangazi hakijafika katikati tukabaki tunatazama mwamba mtupu uliopasuka pasuka. Mchanga ndio uliokuwa umeyafunika maji yetu miaka yote hiyo, na tulikuwa tumeufanya ukuta.

Tulianza kwenda mto wa mbali na punda, tukitoka alfajiri na kurudi mchana. Shule niliiacha muhula mzima. Nililia kwa hilo, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba mama hakuimba tena.

Jumapili ya kufungua kanisa jipya, wakati wa ushuhuda, alisimama. Nilidhani ataanzisha wimbo.

"Mimi ndiye niliyewaambia maji yatakuja karibu," alisema. "Nilikosea. Susu, uliniambia, nami nikakufanya uchekwe mbele ya watu. Nisamehe."

Susu Kalunde alichukua muda wake wote kuinuka.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini maji yangu utanichotea wewe mpaka mto urudi."

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko, mama naye akacheka huku machozi yakimtoka. Wiki hiyohiyo akina mama waliitana kwa mwethya, kazi yetu ya pamoja isiyo na malipo. Walibeba mawe kwa vyondo, vikapu vyao vya kusuka, na fundi yuleyule wa kanisa akawaonyesha namna ya kujenga ukuta mfupi juu ya mwamba, kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua zilipokuja, mafuriko yaliruka ukuta na kuacha mchanga nyuma yake, kidogo kidogo. Msimu wa tatu mama alichimba tena. Nilikuwa nimenenepa, hivyo alishuka mdogo wangu, na debe la kwanza likapelekwa kwa Susu.

Leo malori hayaji kwa ajili ya kanisa. Yanakuja kila siku kuchukua mchanga wa kuuza mijini, kote kuanzia Makueni hadi kwetu, na mito imechimbwa hadi mifupa. Nilikuwa wa kwanza kulaumu. Kila mkutano wa kijiji nilisimama na kuwasema vijana wanaopakia, na nina sauti ya mama.

Halafu nikajenga nyumba Nairobi. Lori lilimwaga mchanga langoni, safi, mkavu juu, na nilipoingiza mkono ndani ulikuwa bado na unyevu. Dereva alinisalimu kwa Kikamba, lugha yetu. Nilimpa chai, na jina la mto sikumwuliza, kwa sababu nilijua angenijibu.

Jioni mama alipiga simu. Ana zaidi ya miaka themanini na hakuna kinachompita.

"Mwende, mchanga wa nyumba umetoka mto gani?"

"Sijui, mama," nilimjibu.

"Haya," alisema, kisha akanibariki kwa kupata nyumba.