Bati Kando ya Mabwawa ya Chumvi

Mjukuu wangu alisifiwa sana kabla hajatutia hofu. Alikuwa halii. Binti yangu wa mwisho alipokwenda Malindi kufua mashuka ya hoteli, aliniachia mtoto wa miezi kumi hapa Gongoni, na majirani wakaja kumtazama kwa wivu.

"Hawe, umepata mtoto wa peponi," alisema jirani yangu wa nyuma ya ua. Kwetu nyanya ndiye hawe, hata kwa wasio wajukuu zake. "Wangu analia hata ziwa likiwa mdomoni."

Nikacheka, lakini kicheko hakikushuka vizuri, maana mtoto kama yule nilishawahi kumwona.

Hapa niende kando kidogo. Nimesoma hadi darasa la pili. La tatu nililichungulia dirishani nikipeleka mbuzi. Kwa hivyo ukiona nimepotea njia, ngoja, nitarudi.

Nilizaliwa Dabaso, karibu na hori, mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko. Ndugu yangu aliyenifuata alikuwa na kazi moja tu duniani: kupanga makombe ya chaza mstari mmoja, kutoka mlangoni hadi jikoni. Ukiondoa moja, alipiga kichwa ukutani. Ukimwita haitiki, lakini ukimenya embe nyumba ya pili, ameshafika. Alikuwa na miaka mitano. Siku moja adhuhuri, maji yakijaa, tulikuta mstari umetoka nje ya mlango ukaelekea horini, na yeye hayupo. Maji yalipokupwa alipatikana kwenye mikoko, hana uhai. Wazee wakasema amechukuliwa na wenyewe wa majini. Mama yeye, nilipokuwa msichana, aliniambia, "Kasoro ya mtoto usiitaje. Ukiitaja unaiita." Neno hilo nimetembea nalo kama mwiba uliozama. Hauumi mpaka ukanyage vibaya.

Mjukuu wangu hakuwa na makombe. Alikuwa na vifuniko vya soda. Asubuhi nilipouona mstari wa kwanza, kutoka mlangoni hadi jikoni, niliufagia upesi kabla jirani hajaingia. Mtoto akaenda ukutani akapiga kichwa, mara moja, mara mbili, bila chozi.

Nikampeleka kliniki kwa chanjo ya mwaka na nusu, si kwa hilo. Muuguzi wetu ni dada wa bara, mrefu, hana shikamoo. Anakupa mkono kama mnauziana ng'ombe. Nilimhesabia hilo kuwa kosa kwa muda mrefu. Siku hiyo tulikuwa wanawake tele kwenye benchi moja, na yeye akapita na karatasi yake akiuliza kila mtu hapo hapo.

"Nyanya, mtoto anaitika akiitwa jina?"

"Anaitika."

"Anakuonyesha kitu kwa kidole, ili na wewe ukione?"

"Anaonyesha."

"Anakutazama usoni ukimwongelesha?"

"Mpaka namwambia aache."

Benchi zima likacheka, jirani yangu akiwa wa kwanza.

Sikusema uongo kwa kuupenda. Kwetu ukiulizwa habari za mtoto, jibu ni hajambo, hata awe na homa ya kuchemsha chai. Habari mbaya hufuata baadaye, kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba. Sasa kliniki ile siku hiyo haikuwa na ndani ya nyumba. Ilikuwa na benchi tu, na masikio.

Muuguzi alizunguka nyuma ya mtoto akamwita jina, mara tatu. Mtoto alikuwa akitazama panga boi linavyozunguka darini, hakutikisika. Kisha muuguzi akafinya karatasi ya biskuti mfukoni mwake, polepole. Mtoto akageuka papo hapo.

"Masikio mazima," akasema. "Nyanya, nikuulize tena lile la kwanza?"

"Nimeshakujibu, mwanangu. Leo ana usingizi."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Mlete mwezi ujao."

Mwezi huo ukapita, na mwingine, na mwaka ukaisha. Sikumpeleka.

Huku nyuma ya nyumba zetu kuna mabwawa ya chumvi. Mgeni akiyaona atasema ni mazuri: maji yamelala, hayana wimbi, mbingu yote imo ndani. Mengi ni ya kina cha kifundo cha mguu. Lakini pembeni upo mfereji unaoingiza maji ya bahari, na huo hata wanaume huuvuka kwenye ubao.

Mtoto alipotimiza miaka mitatu na nusu alijua kufungua mlango. Mara ya kwanza alirudishwa na mfanyakazi wa chumvi, amembeba kwapani kama gunia.

"Hawe, huyu nimemwita mpaka koo limekauka. Ni kiziwi?"

"Hajambo," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akapewa maji ya kunywa.

Akaenda tena, na tena. Kila mara ni adhuhuri, njia ile ile, uso mkavu, kama mtu aliyeitwa. Sikuweza tena kupika. Nikamfunga mguu kwa leso kwenye tendegu la kitanda. Naona haya kuliandika, lakini nimelifanya. Alivuta leso ile siku baada ya siku mpaka kifundo kikachubuka, kidonda kikatunga usaha, na kidonda ndicho kilichonirudisha kliniki.

Muuguzi alikiosha. Akaona alama ya leso inavyozunguka mguu. Nikangoja kufokewa, nikiwa nimeandaa na jibu. Akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na changu.

"Nyanya, huyu mtoto anapenda maji?"

Hakuna mtu Gongoni niliyepata kumwambia habari za Dabaso, hata marehemu mume wangu.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Watoto wa namna hii wengi huvutwa na maji. Ndiyo maana naanza na hilo."

Nikamwambia. Vifuniko, ukuta, jina asiloitikia, makombe, mikoko. Nilisema kwa sauti ya chini, kama inavyopasa.

"Ndugu yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na huyu?"

"Minne juzi."

Kalamu yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Akaniambia kuna hali inaitwa usonji, kwamba yeye peke yake hawezi kuithibitisha, ataandika barua kwa daktari wa watoto Malindi. Si jini, akasema, wala si malezi yangu. Nikamwuliza kama kuna sindano yake. Hakuna. Kuna kumfundisha polepole, na kuna kumlinda.

"Malindi kuna foleni," akasema. "Maji hayana foleni. Leso itoke leo. Weka komeo juu, asipofika. Na kila aliye kwenye njia ile umwambie mtoto yukoje. Sauti gani humgeuza?"

Nikafikiri. "Bati. Nikipiga bati kufukuza kuku."

Kuweka komeo kulikuwa rahisi. Kusema ndiko kulikonitoa jasho. Nilisimama mbele ya wafanyakazi wa chumvi, nikaitaja kasoro ya mtoto wangu mchana kweupe. Msiite jina, nikawaambia, haitiki. Pigeni bati.

"Kwa hivyo hawe, sasa sisi ni wapiga ngoma?" akauliza mmoja wao.

"Mpigie kuku, mpigie jini, lakini upige."

Wakatundika kipande cha bati na chuma kwenye mti ulio kando ya mfereji. Jirani yangu alipojua, siku mbili hakuja. Ya tatu alikuja na komeo la pili.

Karibu mwaka ukapita hivyo. Jumanne iliyopita nilikuwa napepeta mchele, redio inaongea. Nilipoizima kubadilisha betri, ndipo nikasikia bati. Sijui lilikuwa limelia kwa muda gani. Nilitazama nyuma, nikaona mlango wazi na kigoda chini ya makomeo yote mawili.

Magoti yangu haya hayakimbii, lakini yalikimbia. Nilimkuta mferejini, maji kifuani, ameugeuzia uso mti ule. Yule mfanyakazi aliyeuliza habari za ngoma alikuwa chini ya mti, ukingo huu huu lakini mbali kidogo, anapiga tu, hathubutu kuacha mtoto asije akageuka. Mtoto akatoka maji hatua kwa hatua, mwenyewe, akifuata sauti. Nyuma yake ukingoni vifuniko vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, na cha mwisho kilikuwa ndani ya maji.

Barua ya Malindi imejibiwa. Tunakwenda mwezi ujao, na mwezi huo huo anatimiza miaka mitano. Kigoda nimekichoma kuni. Adhuhuri siwashi redio tena.