Mkwaju wa Baba Visiki

Jina alilopewa na mama yake hata majirani hawalijui. Wanamwita Baba Visiki, na usidhani ni jina la heshima. Miaka thelathini na ushei kazi yake ilikuwa moja: pakitaka kujengwa, yeye anatangulia na msumeno wake wa injini. Anakiacha kiwanja kipara, waashi wanaingia, naye anaondoka na unga wa mbao masikioni.

Sasa mwashi akipita mjini na wajukuu huwaonyesha: ukuta ule ni wa babu yenu. Fundi bomba hata choo anaweza kukionyesha. Baba Visiki aonyeshe nini, hewa? Aliwahi kujaribu. Alimwambia mjukuu wake wa kike, "Pale palikuwa na mvule, watu wanne hawaukumbatii." Mtoto akatazama, akaona maduka ya simu. "Sasa uko wapi, babu?" Yalimwingia yale. Akaanza kutamani, japo kimoyomoyo, aache kitu kimoja kimesimama.

Basi dunia haiishiwi vituko. Mgongo ulipoanza kumgomea, kampuni moja ikapewa sharti na serikali: jengeni maghorofa yenu, lakini mkwaju wa katikati ubaki, tena ubaki hai. Meneja akatafuta mtu wa kuulinda usigongwe na malori. Nani anaijua miti kuliko Baba Visiki? Wakamkabidhi fisi bucha, na fisi, masikini ya Mungu, akaacha kula nyama.

Alibadilika mzee yule mpaka akawa kero. Dereva akirudisha lori karibu na mkwaju, analo. Fundi akimwaga maji ya saruji kwenye mizizi, anatukanwa yeye na ukoo wake. Mkewe alichoka.

"Nimelala na homa wiki nzima, Baba Visiki, hujanigusa hata paji la uso. Mti ndio unaupapasa."

"Wewe unasema unapoumwa, mama. Mwenzio hasemi."

Kazi ilipokaribia kwisha, meneja akatangaza sherehe ya ufunguzi: watakuja wakubwa, watapigwa picha mbele ya mkwaju. Hapo mzee akaona lazima upambwe. Wazo lilikuwa lake, asisingiziwe mtu. "Bosi, tuujengee kibaraza cha mviringo watu wakae. Tujaze udongo mzuri, juu tupange vigae." Meneja alifurahi mpaka akampa mkono. Udongo ukamwagwa toroli kwa toroli, nyingi akizisukuma mwenyewe na mgongo wake mbovu, mpaka shina likafukiwa kufika kiunoni. Juu vikapangwa vigae vyeupe, utadhani bafu la tajiri. Akamleta mjukuu wake, akamkalisha pale. Siku ile alikuwa na raha, jamani, acha tu.

Haukupita muda, majani yakageuka manjano na kuanza kupukutika. Akaongeza maji. Yakapukutika zaidi. Akaongeza mbolea, kama mtu anayemlazimisha mgonjwa kula. Ndipo akakumbuka mti mmoja aliowahi kuuangusha nyuma ya nyumba ya mtu. Mwenye nyumba alikuwa amerundika kifusi shinani, na gome lote chini lilikuwa limeoza, linabanduka kwa kidole. Moyo ukamlipuka. Mkwaju wake ulikuwa unakosa pumzi, na aliyeuziba pua ni yeye. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Alikaa juu ya vigae vyake akalia peke yake. Kisha akajifuta uso, akaenda kwa meneja.

"Bosi, kile kibaraza tukivunje. Kinaua mti."

"Mzee wangu, wageni wanakuja Jumamosi."

"Basi baada ya Jumamosi."

"Baada ya Jumamosi tutaona. Vigae vile si vya kuchezea." Meneja akashusha sauti, kiungwana kabisa. "Na mti ukifa baada ya hapo, mzee, itakuwa kazi ya Mungu. Sisi tuliuhifadhi. Picha zitakuwepo."

Baba Visiki alizijua ahadi za tutaona. Ijumaa mchana, mafundi walipokwenda kula, alichukua nyundo kubwa na beleshi. Vigae vikaruka mpaka kwenye viti vya wageni vilivyokwishapangwa. Akafukua udongo mpaka shina likaonekana, limelowa na linanuka uvundo. Walinzi walipomkamata alikuwa amepiga magoti, anapangusa gome kwa shati lake. Sherehe ilifanyika upande wa pili, na wakubwa wakapigwa picha mbele ya maua ya plastiki. Walipendeza sana.

Mzee akasimamishwa kazi, akae nyumbani asubiri kikao cha nidhamu. Kampuni ilikuwa na haraka ya kujenga tu, si ya kuhukumu, kwa hiyo mvua zilinyesha zikaisha ndipo akaitwa. Siku hiyo umeme ulikatika, ofisini hakukaliki kwa joto, wanakamati wakabeba viti vyao wakaenda kukaa nje, chini ya mkwaju, maana hapakuwa na kivuli kingine kiwanja kizima. Meneja akasoma shtaka. Mtuhumiwa hakushtakiwa kwa kuvunja vigae. Alishtakiwa kwa kuharibu mazingira.

Miaka yote ile aliangusha miti mpaka ndege wakahama, akalipwa na chai akapewa, na neno hilo hakuwahi kuambiwa na mtu. Lakini hata sasa hakulisikia vizuri. Alikuwa ameinua uso. Kila tawi lilikuwa limetoa majani mapya, madogo, ya kijani kibichi, na macho yalimjaa machozi mbele za watu.

"Mzee, una la kujitetea?"

"Sina, bosi. Ila naomba msogeze viti kidogo. Mmekalia mizizi."

Wakatazamana. Wakasogeza viti, kisha wakamfukuza kazi.