Kamba za Viatu Chini ya Ngazi ya Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini niliikimbilia ndege. Nilikuwa nimetoka Ndalambo wiki mbili tu kabla, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na kwetu mgeni akifika unamkimbilia kumpokea mzigo. Mkuu wa Zamu wa pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam alinishika ukosi wa ovaroli akanirudisha nyuma ya mstari mwekundu. Alinieleza kwamba injini bado zilikuwa zinavuta hewa, na kwamba hazichagui kati ya hewa na mtu wa Ndalambo.

Kazi yangu ilikuwa ngazi. Ninyi vijana mnaopanda ndege leo hamjiulizi ngazi ile imefikaje mlangoni. Sisi tuliisukuma kwa mikono, watu wawili, wakati mwingine watatu. Kwanza unangoja injini zizimwe. Halafu mwenzako anaweka kabari za mpira mbele na nyuma ya magurudumu ili ndege isitembee. Hapo ndipo unaisogeza ngazi, na hatua ya mwisho unaimaliza polepole kabisa, kwa sababu bati la ndege ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Mwisho unakaza miguu minne ya chuma chini ya ngazi, unapiga mlango mara mbili kwa kiganja, na walioko ndani wanafungua.

Mlango ukifunguka, watu wanamwagika. Hilo ndilo lililoniudhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Wamekaa saa nzima na zaidi wametulia, wamepewa soda na karanga, lakini magurudumu yakigusa ardhi tu wanasimama kama waliomwagiwa maji ya moto. Nilijua wamesimama hata kabla ya mlango kufunguliwa. Ukiwa chini, abiria aliyekaa unamwona uso kwenye kidirisha. Akisimama, unaona mkanda wa suruali. Nyuso zote zikigeuka mikanda, nilijua kuna watu watakaoshuka wakikanyagana, na mara moja kweli mwanamume mmoja alitua chini na kiatu kimoja, kingine kikashuka na mtu wa nyuma yake.

Nilimuuliza Mkuu wa Zamu wanakimbilia nini. Akasema ni hofu, mtu aliyekuwa juu anataka kukanyaga chini ajihakikishie. Nilipohamishiwa Mwanza, Msimamizi wa Maegesho ya Ndege akacheka hofu hiyo. Yeye aliona wanawahi teksi, kwani walikuwa wengi na teksi zilikuwa chache. Mimi nilikuwa na jibu langu. Niliamini ni kukosa adabu, na kukosa adabu kuna dawa.

Dawa yangu niliigundua huko huko Mwanza. Nikishaona mikanda kwenye vidirisha, niliisukuma ngazi mpaka ibaki hatua moja kufika mlangoni, kisha nikasimama, nikainama, nikafunga kamba za viatu. Kiatu cha kushoto, halafu cha kulia, fundo mara mbili. Wenzangu waligeuka pembeni wakicheka. Hakuna bosi ambaye angenilaumu, maana kamba iliyolegea ni hatari kazini, na kanuni hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani.

Uwanja mpya ulipofunguliwa bondeni Songwe niliomba uhamisho siku ileile. Nilikuwa narudi nyumbani. Nikajenga Tunduma, mpakani na Zambia, na mwezi wa kwanza nikamfundisha mwenzangu Mwashiuya kazi yote ya ngazi, pamoja na ile ya kamba. Aliishika haraka mno.

Mkuu wa Kituo alikuwa mama mmoja mpole mwenye macho yasiyokosa kitu. Siku moja alinikuta nimeinama chini ya ndege iliyojaa mikanda. Hakunigombeza. Alingoja abiria wote waondoke, ndipo akaja.

"Bwana Siwale, wewe umewahi kupanda ndege?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa chini."

"Basi hujui mle ndani wamebeba nini kichwani."

Niliitikia kwa heshima, nikaendelea na dawa yangu.

Mwaka uliofuata binti yangu Neema aliposwa na kijana wa Nakonde, upande wa Zambia, ng'ambo ya geti la mpaka. Wakwe zetu wanashika sana desturi yao ya kumwonyesha bwana harusi moto. Kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa bibi harusi humpelekea kijana vyakula vya kila aina vya kwao, na mmoja wao hufunua chungu kimoja kimoja na kumweleza kilichomo. Mfunuaji wetu alikuwa dada yangu Ruthi. Mama yake Neema alifariki mtoto akiwa darasa la kwanza, na Ruthi ndiye aliyemlea kule Dar mpaka akakua. Neema alisema wazi kwamba chungu chake hakitafunuliwa na mkono mwingine.

Ruthi alitakiwa afike kwa basi siku moja kabla ya jioni ya kuvusha vyungu. Kumbe kazini kwake walimchelewesha ruhusa, na wanawe wakamkatia tiketi ya ndege. Alinipigia simu mara nne. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati, maana sisi wa maegesho haturuhusiwi kuwa nayo karibu na ndege.

Ndege ilitua alasiri ikiwa imechelewa. Vidirisha vikajaa mikanda mapema kuliko siku nyingine zote, na katikati yao nikaona kitenge. Nikajisemea, hata akina mama leo. Nikainama. Siku hiyo nilifungua hata fundo lililokuwa zima ili nilifunge upya.

Mlango ulipofunguliwa, mwenye kitenge alikuwa wa kwanza. Alishuka ngazi yote bila kushika chuma, akasimama mbele yangu. Alikuwa Ruthi.

"Kaka," alisema, "nilikuwa nakuangalia kutoka juu. Geti linafungwa saa kumi na mbili, na wewe unafunga kamba."

Zamu yangu ilikuwa imekwisha na ndege ile. Tulikodi Noah. Tukapita Mlowo, tukapita Vwawa, Ruthi akitazama saa yake. Karibu na Tunduma tukakutana na foleni ya malori. Dereva akapita pembeni, akarudi barabarani, akapita tena pembeni. Tulipofika tuliwakuta wanawake wetu na vyungu vyao vichwani, wamekataa kuvuka bila shangazi, na askari anashusha chuma cha geti. Tulimsihi. Akasema kwa upole kwamba saa ni saa.

Ruthi alikaa juu ya begi lake akalia. Nimesukuma ngazi kwenye mvua na jua, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama jioni ile. Labda ni foleni iliyotuponza. Labda ni ndege yenyewe. Lakini mafundo mawili yale niliyafunga mimi, na nilijua yalichukua muda gani.

Wakwe walipopigiwa simu hawakukasirika. Walisema watamngoja shangazi. Vyungu vikalala kwangu, na asubuhi geti lilipofunguliwa tulikuwa wa kwanza. Kabla hatujavuka, Ruthi aliona mfuniko wa chungu cha kuku unacheza. Akanyoosha mkono.

"Lete kamba zako. Ndizo zilizotulaza huku."

Akafunga mfuniko nazo, fundo mara mbili. Saa za Nakonde ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo bwana harusi aliamshwa kwa nyimbo akiwa bado anakoroma. Shangazi akafunua, akaeleza, na kijana akaonja kila kitu kabla ya kwenda kanisani: kuku, maharage, matembele ya karanga, ugali. Madhabahuni kifungo cha koti lake kilikataa kufika tunduni. Mimi nilimsindikiza binti yangu huku viatu vinapwaya, na tangu hapo wakwe wananiita Tata Kamba, yaani Baba Kamba. Kazi niliimalizia kwa viatu vya kuchomeka tu, visivyo na kamba, na kila nilipoona mikanda kwenye vidirisha, mikono yangu ilisukuma moja kwa moja mpaka mlangoni. Kosa langu lilikuwa moja: sikukumbuka kumwambia Mwashiuya naye aache.

Nilistaafu nikiwa bado sijapanda ndege. Miezi michache baadaye nilikuwa Dar kwa Ruthi, habari zikaja kwamba Neema amejifungua mtoto wa kike. Ruthi akakata tiketi mbili.

Juu sikuogopa, na teksi sikuiwazia. Nilimwaza mtoto. Nilijua hawezi kwenda popote, nilijua geti liko wazi mpaka jioni, lakini magurudumu yalipogusa bonde la Songwe nilijikuta nimesimama.

"Kaka, kaa, taa ya mikanda haijazimwa," Ruthi alisema.

Ndege ilipoegeshwa, niliinama kwenye kidirisha. Mwashiuya alikuwa anakuja na ngazi, polepole, kwa ustadi niliomfundisha. Ilipobaki hatua moja, alisimama. Akatazama juu. Kisha akainama kwenye viatu vyake.

Nikapiga kioo kwa kiganja, mara mbili. Ruthi alicheka mpaka kiti kikatikisika, akaniuliza nani alimfundisha yule. Nilijinyoosha ili mwenzangu anione vizuri, ndipo nikakumbuka kwamba kutoka kule chini kinachoonekana ni mkanda wa suruali tu.