Kijiji cha Dada Yustina

Sisi tuliokulia Mpepai hatukununuliwa midoli. Maharage yakishavunwa, shamba la ngoro nyuma ya nyumba yetu lilikuwa mali ya watoto. Asiyejua ngoro nimweleze: baba alifyeka majani akayalaza kwa miraba kwenye mteremko, mama akachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, vikabaki vishimo vilivyozungukwa na matuta, mlima mzima. Kila kishimo kilitutosha kuwa nyumba. Dada yangu Yustina, mkubwa wetu, ndiye aliyegawa: hapa kwa padri, pale kwa mnunuzi wa kahawa, kule zahanati. Mchezo tuliuita Kijiji, na hadi leo nikisikia harufu ya maganda ya kahawa mbivu, ile tamu inayokaribia kuwa pombe, nauona wote. Tulikaanga usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwenye kifuniko cha kopo, tukala nusu mbichi, na tumbo halikuuma.

Mama hakutuingilia. Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema akipita na jembe begani: "Matuta msikanyage, nitapanda mahindi. Huko shimoni fanyeni mnavyotaka." Aliyekanyaga tuta alitumwa maji mtoni, na mto ulikuwa mbali.

Yustina yeye alipenda kupanga mpaka nani akohoe. Siku moja alitayarisha harusi, bwana harusi akiwa Kosmasi, mtoto wa jirani. Katikati ya ibada Kosmasi akatangaza kwamba ameghairi, amepata wito wa upadri, akaruka mashimo mawili na kuanza kuhubiri. Wageni wote wakamfuata. Yustina alilia kwa hasira, lakini sisi wengine hatukuwahi kuhudhuria harusi tamu kama ile.

Sasa tumetawanyika. Yustina anafundisha Tabora, Kosmasi ni fundi umeme Songea, mimi niko Mbinga mjini na duka langu la pembejeo. Ni Yustina aliyekifufua Kijiji, safari hii kwenye simu. Alifungua grupu, akatuita tuliocheza naye, na kila Jumapili baada ya misa na chakula anaandika tukio, kisha kila mmoja anajibu kwa maandishi kama mtu aliyechagua kuwa. Watoto wetu waliposikia tunacheka na simu, nao wakaomba kuingia.

Hawa watoto wa siku hizi ukiwaachia nafasi watakushangaza. Jumapili ya kwanza wote walikuwa wafalme, hakukuwa na wa kutawaliwa. Mwanangu alishuka kwa helikopta kununua maharage. Mwenzake alizikwa, akafufuka, akadai chai. Yustina akatunga sheria, na sheria zikazaa sheria, hadi ikawa hata kumpa mtu Shikamoo kunahitaji ruhusa. Watu wakaanza kusoma bila kujibu. Jumapili moja aliandaa tukio la harusi na kumwandikia kila mtu maneno yake. Tuliofika ni yeye na mimi.

Akanipigia. "Nafunga grupu, mdogo wangu. Hakuna anayelitaka." Niliogopa. Anaishi peke yake huko, na Jumapili ndiyo siku pekee anayokaa na watu wa kwao.

"Dada, sheria ya mama shambani unaikumbuka?"

"Ya matuta?"

"Hiyo hiyo. Wewe umeweka matuta mpaka ndani ya shimo. Watu watakaa wapi?"

Akaguna kama mama alivyokuwa akiguna. Sikujua kama amenielewa au amekasirika.

Jumapili iliyofuata aliandika hivi tu: "Mvua imekata barabara. Lori la harusi limekwama Tingi, bibi harusi yumo. Hakuna kuruka angani, hakuna kumwamulia mwenzako. Tunaishia saa kumi na moja." Akanyamaza. Najua ukimya ule ulivyomuuma. Kosmasi akafika na kamba. Mwanangu, safari hii kwa miguu, akauza chai kwa bei ya kinyang'anyi. Binti yangu, ndiye bibi harusi, akakataa kukanyaga tope, akamfungulia kesi dereva pale pale juu ya lori, na kabla kesi haijaisha akakubali kuolewa naye. Hakuna aliyepanga hilo. Meseji zilikuja kwa kasi, nikashindwa kuzisoma kwa kucheka.

Si sawa na zamani, siwezi kudanganya. Kahawa hainukii kwenye simu, na wanangu wanajenga kijiji kizima wamelala kwenye kochi, magoti safi. Sisi mchezo ulituishia pale mama aliposimama mlangoni na kutuita majina, mmoja mmoja, tukaingia ndani na udongo wetu. Mama hayupo tena, na nyakati kama hizo namkumbuka sana. Siku hizi anayetutawanya ni Yustina. Jumapili ile saa kumi na moja ilipofika aliandika kwamba muda umeisha, kila mtu aende akale. Tukajibu sawa dada, sawa shangazi. Nilikuwa ndiyo naiweka simu mezani ikalia tena, na ni yeye: "Lakini jamani, huyo dereva hana mke kwao?"