Mkunga Asiyesikia Tena

Saa moja asubuhi, mvua inapiga bati la kituo cha afya nje kidogo ya Lusangi. Mama Marcelline anainama juu ya tumbo la mjamzito akiwa na kile kifaa cha mbao chenye umbo la pembe, upande mmoja tumboni, mwingine sikioni. Anafumba macho. Kisha anainuka na kumpisha mwenzake, Aicha.

Aicha anasikiliza. Mkono wake mmoja umeshika mkono wa Mama Marcelline, na kwa kidole anagonga haraka haraka, kama moyo wa mtoto unavyodunda.

"Iko muzuri," anasema Mama Marcelline. "Mutoto iko muzima."

Ana miaka sitini na saba, na zaidi ya nusu yake ameitumia kuzalisha. Sikio la kulia liliziba kwanza, la kushoto likafuata. Hakumwambia mtu.

"Ningemuambia nani?" anauliza. "Wangesema, basi, enda nyumbani. Nyumbani kuna nini? Wenzangu walienda retreti, wakaacha kazi, wakakufa wakingojea zile makuta ya pensheni."

Mshahara wake haufiki bei ya magunia mawili ya mchele, na kuufuata mjini Kabambare ni siku nzima juu ya pikipiki. Hata hivyo, Aicha anamwonea wivu. Binti huyu kutoka mji wa Kasongo ana diploma ya ukunga, lakini hajaingizwa kwenye malipo ya serikali. Anaishi kwa fungu dogo la kile wagonjwa wanacholipa. Mwezi uliopita lilikuwa faranga elfu ishirini na tano.

Mwaka huu redio hazina habari nyingine. Waganga na wauguzi wanadai nyongeza, na wapo wanaotaka umri wa kustaafu, ambao Mama Marcelline amekwisha kuupita, usogezwe mbele kwa miaka mitano. Wazee wanaona heri kubaki na mshahara mdogo kuliko kungojea pensheni isiyokuja. Vijana wanasema wakubwa wasipotoka, wao hawataingia kamwe.

Mjadala huo ulipoletwa katika ukumbi mmoja wa Kabambare, Mama Marcelline na Aicha walikwenda pamoja. Octave, msemaji wa wafanyakazi, alimwita mkunga huyo mbele.

"Angalieni huyu mama!" alisema. "Nguvu iko! Kwa nini tumufukuze?"

Watu wakapiga makofi. Ndipo Aicha aliposimama kule nyuma.

"Mama hasikie tena," alisema. "Kuna bibi alikuja na uchungu. Mama akasema moyo wa mutoto unapiga. Tukamuweka pale mpaka kesho yake, badala ya kumupeleka hospitali. Mutoto akatoka amekufa."

Mama Marcelline, aliyekuwa akisoma midomo, alielewa kila neno.

"Ni kweli," alijibu, akarudi kuketi.

Walirejea kwa pikipiki moja ya kukodi, Aicha nyuma ya Mama Marcelline. Kila walipofika kwenye tope ilibidi washuke na kusukuma bega kwa bega. Kwa majuma mawili Mama Marcelline hakumruhusu kugusa mjamzito yeyote. Alimpa mashuka ya kufua.

"Nilikuwa na hasira," anakiri. "Si kwa sababu alidanganya. Ningefurahi kama angekuwa amedanganya. Labda yule mutoto alikuwa amekwisha kufa mbele ya mama yake kufika hapa. Labda hapana. Sitajua."

Aicha naye hajipambi. "Ninamupenda kama mama yangu, ndiyo maana nilisema," anaeleza. "Lakini nafasi yake pia niliitaka. Siwezi kuficha."

Hakuipata. Célestin, mkuu wa kituo, anasema alipeleka habari kwa wakubwa wake na kujibiwa angoje mjadala wa umri uishe. "Nikimuondoa leo, nafasi inafungwa," anasema. "Hakuna mwengine atawekwa. Nitabaki na nani?"

Basi siku moja aliletwa mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa ametanguliza makalio. Mikono iliyojua kazi hiyo ilikuwa ya Mama Marcelline. Masikio yalikuwa ya Aicha. Mkunga mzee akamwita Aicha kutoka kwenye mashuka, akamnyooshea mkono. "Gonga," alimwambia. Mtoto alitoka akilia, na tangu siku hiyo wanafanya kazi hivyo.

Lakini hata hilo huenda lisidumu. Kamaldine, mjomba wake Aicha, amefungua duka la dawa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na anamtaka akauze huko. Atamlipa kila juma.

"Mama mwenyewe amengoja maisha yake yote," anasema Aicha. "Mimi ningoje mpaka lini?"

Mama Marcelline hamlaumu. Mchana, wagonjwa wakipungua, anachukua jembe na kwenda bondeni nyuma ya kituo, ambako mwaka huu amelima shamba la mpunga, kubwa kuliko nguvu zake. Magoti yanamuuma, naye anapalilia akiwa ameketi.

"Mupunga ukitoka, nusu ni ya Aicha," anasema. "Najua, hiyo si mushahara. Lakini atakula, na abaki mpaka nimufundishe mikono. Halafu mimi nitaenda, wanilipe wasinilipe."

Amekwisha kumwambia Aicha. Aicha ameuliza mpunga utavunwa mwezi gani.