Nilivyoharakisha Kompyuta Nikajianika

Nichekeni tu, nastahili. Kwenye kiwanda chetu cha magodoro pale Nyakato, kompyuta zetu, zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, zilikuwa zinafungua programu kwa kujikongoja. Mimi fundi wao nikajitapa kwamba dawa nimeipata: programu unayoitumia zaidi itajifungua yenyewe kompyuta ikiwaka. Bosi wetu, Mama Koku, akawaita wafanyakazi wote washuhudie kwenye kompyuta yangu. Nikaiwasha kwa madaha.

Kufumba na kufumbua, mchezo wa karata ukajaa kioo kizima.

“Hongera, baba, kasi tumeiona,” akasema Mama Koku. “Sasa tufungulie na ile ya kazi.”

Nikaibofya huku jasho likinitiririka. Ikafunguka upesi, ikaniomba nywila. Wote wakasubiri. Sikuikumbuka.