Mate ya Cucu Kwenye Filamu

Enzi zetu huku Kiritiri, hakuna mtoto aliyesafiri na kifua kikavu. Ukienda kufanya mtihani, ukienda hospitali, hata ukitumwa kwa shangazi Embu mjini, Cucu, yaani mama yake baba, alipiga funda la uji wa mawele, akakutemea kifuani mara mbili na kukuambia uende na amani. Tulinuka uji siku nzima na hatukuona aibu. Watoto wa siku hizi, mtu akipiga chafya karibu nao, wanatafuta dawa ya kunawa mikono.

Nilikuwa darasa la saba watu wa filamu walipokuja kutoka Nairobi kutafuta ngoma za kienyeji. Kina mama walifika na sweta zao na vitambaa vya kanisa, maana hivyo ndivyo walivyocheza kila mavuno. Wakaambiwa wavue viatu, wapakwe chokaa usoni, halafu wangurume. Wimbo ulikuwa wao wenyewe, wa kupalilia mawele. Shangazi yangu, kiongozi wa kwaya, alinguruma hadi Jumapili ikamkuta hana sauti.

Cucu alipewa kazi ya kumtemea mate mwigizaji mmoja kijana.

"Shosho, mtemee kama umekasirika," msimamizi wa filamu akamwambia.

"Nikimtemea nimekasirika si atapotea njiani?" Cucu akajibu. "Mimi nitamtemea vile inafaa."

Akaitisha uji. Akamtemea yule kijana mara mbili, akamwombea safari njema na mke mzuri. Hakuwa anaigiza. Mimi nilikuwa pale na niliona alivyomshika bega.

Miezi ilipita, filamu ikaletwa sokoni, kwenye kibanda cha video. Ilikuwa Jumamosi mchana. Cucu alivaa gauni lake la kanisani, tukakaa benchi la mbele. Tuliwaona kina mama wa kwetu wakinguruma kuzunguka moto, na ule wimbo wa kupalilia ukawa wa kuita mashetani. Kisha akatokea Cucu mwenyewe, uso mkubwa umekijaza kioo cha televisheni. Sauti yake walikuwa wameiondoa, wakaweka radi. Akatema, na yule kijana akaanguka akafa. Kibanda kizima kilicheka na kupiga makofi.

"Yule kijana alikufa?" Cucu akaniuliza tukitoka.

"Hapana, Cucu. Ni filamu tu."

"Lakini mate yalikuwa yangu."

Shuleni niliitwa mjukuu wa mchawi hadi nikamaliza darasa la nane. Hilo nilishalisahau. Ambalo sijalisahau ni kwamba Cucu hakumtemea mtu tena. Nilipokuwa naenda kidato cha kwanza nilisimama mbele yake makusudi, nimefungua vifungo vya sweta. Alinitazama kifuani, akaufunga mdomo wake kwa kiganja, akaingia jikoni. Niliumia sana.

Siku hizi kile kipande kiko kwenye simu, watu wanakitumiana wapate kucheka. Juzi binti yangu Wanja, akijiandaa kwenda chuoni, alinionyesha. Nikamwambia huyo mchawi ni cucu yangu, na alikuwa anabariki. Akaacha kucheka. Akaweka simu mezani, akafungua zipu ya jaketi.

"Basi nifanyie hiyo kitu, Mum."

Enzi zetu hakuna aliyehitaji kuomba. Nikapiga funda la uji, nikamshika bega. Nikamtazama machoni, nikijaribu kujua yule mtoto anamwona nani mbele yake, mama yake au yule mchawi wa filamu. Kisha nikaumeza ule uji.